Jibu la Uwanjani

Simu ya Leonsia ilinikuta nimeinamia tasnifu ya mwanafunzi wangu mmoja, nikihesabu tanbihi zisizotaja ukurasa. Alinisalimu kama tunavyosalimiana siku zote, kwa ufupi wa watu waliokwisha kukoseana na kusameheana, kisha akasema: "Dada Fausta, Mama Piusi ametutoka. Alfajiri ya leo." Nikaweka kalamu chini. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefikisha ujumbe usio wake: "Tunazika kesho, najua hutawahi. Lakini ulezi wake bado uko kihengeni, haujapurwa. Tutaupura Jumamosi ijayo, siku ya kuondoa matanga. Mama yangu anauliza kama safari hii utakuja na jibu."

"Mwambie nakuja."

"Na jibu?"

"Mwambie nakuja, Leonsia."

Nilimaliza ukurasa ule wa tanbihi kabla sijalia. Nalitaja hili si kwa kujisifu; ndivyo nilivyo, na mwaka ninaotaka kuueleza ndio ulionifanya hivi, ingawa haukukusudia. Ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha tano, Sumbawanga. Ya nyumbani kwetu Kabwe, ziwani, sitayagusa. Inatosha msomaji ajue kwamba baba alikuwa amekwisha kuamua kuwa nitakuwa daktari, kwamba nilikuwa nimepangiwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kwamba shule ile haikuwa bado na bweni la wasichana. Kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulitafutiwa vyumba mjini, kila mmoja akaandikishiwa mlezi ambaye ofisi ya shule ingemwita kukitokea jambo. Wangu alikuwa mjane wa Majengo, jina lake la ubatizo Gaudensia, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Piusi. Siku nilipofika alibonyeza dole gumba lake kwenye fomu ya shule, akalifuta kwa ukingo wa kitenge, akaniuliza kama watu wa ziwani tunakula ugali wa ulezi au tumezoea samaki watupu.

Chumba chenyewe sijakisahau hata kwa kipimo: hatua sita kwa nne, kuta za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, na dirisha moja lililotazama uani. Sikukaa humo peke yangu. Nilikaa na kimea. Mama Piusi alikuwa akiwauzia wapika pombe na watengeneza togwa kimea cha ulezi, na kwa kuwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba huko haimhurumii mtu wala mbegu, alihitaji chumba chenye joto la mwanadamu ili ulezi uliolowekwa uote. Magunia yake yalitandazwa chini ya kitanda changu. Nililala juu ya mbegu zilizokuwa zikichipua, na harufu yake, tamu kwa mbali na chachu kwa karibu, iliingia hata katika sare. Kitabu changu cha Baiolojia kilikuwa na sura nzima juu ya kuota kwa mbegu. Niliisoma juu ya kitanda kile, nikaielewa, nikafaulu mtihani wake, wala haikunishtua moyo hata mara moja. Kilichonishtua kilipita upande wa pili wa dirisha, pale uani, wanawake walipokuja kununua kimea.

"Mama Piusi, kimea chako safari hii kimelala. Pombe yangu imekaa kama maji ya kuoshea vyombo."

"Kimea hakilali, mama. Anayelala ni mpikaji."

"Mimi nilale? Na mume huyu anayekoroma kama lori linalopanda mlima?"

"Basi mpe akoroge yeye. Akishindwa kuamka kupika, angalau ataamka kunywa."

Nilikuwa nikiacha kalamu. Sikucheka, nilikuwa na kazi ya kuyakumbuka. Niligundua kwamba ningeweza kurudia mazungumzo ya nusu saa, kila mmoja kwa sauti yake, hali orodha ya elementi katika jedwali la Kemia ilinitoroka baada ya chai. Nikapata daftari la kurasa tisini na sita, nikaanza kuandika niliyoyasikia dirishani, na kwa kuwa nilikuwa nimefunzwa maabara, niliandika kama tulivyofundishwa kuandika majaribio: nani, wapi, saa ngapi, hali ya hewa. Usahihi ulikuwa fahari yangu pekee. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado kikawa nusu.

Darasa la mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza lilikuwa mkabala na maabara. Nilianza kuchelewa kurudi kutoka chooni. Nilisimama mlangoni nikisikiliza kipindi cha fasihi, mpaka siku moja Mwalimu Kalisto, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la kahawia tangu baridi ianze hadi iishe, alipogeuka na chaki mkononi.

"Wewe wa Baiolojia. Unatafuta nini?"

"Nasikiliza, mwalimu."

"Kusikiliza si kosa. Kusimama mlangoni ndiko kosa, unatuingizia upepo. Ingia au toka."

Niliingia. Darasa likaguna, kijana mmoja wa nyuma akasema, "Dokta amekuja kutupima," wakacheka. Baada ya kipindi mwalimu alinieleza mambo mawili kwa namna yake ya kutopoteza neno. La kwanza: kubadili mchepuo kuliruhusiwa hadi mwisho wa mwezi wa nane, kwa fomu iliyotiwa sahihi na mzazi au mlezi aliyeandikishwa. La pili: yeye hapokei mtu anayekimbia hesabu. "Niletee kitu ulichokisikia kwa masikio yako, si ulichokisoma. Kiandike, kichambue. Kikifaa nitakibandika kwenye gazeti letu la ukutani, na mkuu wa shule ataona kwamba sikuiba mtu wa sayansi bure."

Jioni ile, tukiwa tumekaa jikoni kwenye vigoda, sahani ya maharage kati yetu, nikamwonyesha Mama Piusi fomu. Baba asingetia sahihi. Hilo sote wawili tulilijua. Alimega ugali, akautazama kana kwamba umeandikwa.

"Baba yako ameniachia mtoto wa udaktari. Nikimrudishia mtoto wa hadithi, nitamwambia nilikuwa nimesafiri?"

"Mama, huko maabara ninakaa tu. Mwili uko pale."

"Na wagonjwa nao mwili ndio unaowauma. Wangependa mtu anayekaa tu, lakini anatibu." Akala. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata tamaa ya mwenzake kwa pigo moja, akasema: "Ulezi wangu wa kijijini ukishapurwa nitakujibu. Jumamosi tunakwenda. Utabeba ungo."

Kijiji chao kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini, kwenye uwanda usio na miti, upepo ukikupiga usoni kila hatua kama mtu mwenye neno la kukwambia. Uwanja wa kupuria ulikuwa umesuguliwa na kusiribwa kwa samadi mbichi, iliyoombwa kwa Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Masuke ya ulezi yalirundikwa katikati. Wanawake kumi na wawili, fimbo mikononi, walisimama pande mbili wakitazamana, na fimbo zilipoanza kushuka kwa zamu, upande huu na upande ule, wimbo ukaanza. Nilikuwa nimetegemea nyimbo za mavuno, za kushukuru. Nilichokisikia kilikuwa matusi.

Au nilidhani ni matusi. Aliyeanza alikuwa Mama Piusi mwenyewe, na aliyeimbwa alikuwa wifi yake Oresta, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikavu, aliyesimama upande wa pili ana kwa ana naye. Mume wa Oresta alikuwa ameshuka bonde la Rukwa, Mtowisa, kununua mpunga, na hakuwa amerudi tangu mvua za mwaka uliopita. Kijiji kizima kilijua kwamba huko ana nyumba nyingine. Kwa Kifipa, kwa sauti ya juu isiyo na huruma, Mama Piusi aliimba kwamba shemeji yake alishuka Mtowisa kununua mpunga, mpunga umepandwa ukavunwa, umepandwa tena ukavunwa, na yeye bado anapima debe la kwanza. Basi mwulizeni wifi, ni debe la namna gani hilo lisilojaa? Wanawake wakaitikia, fimbo zikaanguka. Oresta alikuwa akicheka, kichwa nyuma, machozi yanamtoka, wala fimbo yake haikukosa zamu.

Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari gotini. Kifipa changu cha ziwani kilikuwa cha kuokoteza, lakini wimbo ulirudiwa mara nyingi, nikaupata wote. Niliandika majina. Niliandika uhusiano wao. Nilifikiri: hiki ndicho. Chura yeyote wa maabara hakuwa amewahi kunishika hivyo. Kisha nikaitwa kunywa togwa, nikaenda. Kutoka kibandani nilisikia wimbo ukibadilika, sauti ya Oresta ikipanda, wanawake wakipiga vigelegele na mtu akipaza, "Amekupata, Mama Piusi, amekupata!" Niliporudi lundo lilikuwa limekwisha na nyungo zimeinuliwa, makapi yanakwenda na upepo. Sikuuliza nimekosa nini. Nilikuwa na nilichokitaka.

Uchambuzi wangu ulikuwa wa kurasa nne. Niliutafsiri wimbo kwa Kiswahili, nikaueleza kwa mpangilio wa fani na maudhui, nikataja kejeli, takriri na tashbiha. Chini, kama mwanasayansi asiyecheza na ushahidi, nikaandika: mwimbaji: Gaudensia, mkulima; mwimbwaji: Oresta, wifi yake. Mwalimu Kalisto aliusoma amesimama, akauliza swali moja: "Wenyewe wanajua?" Nikajibu ndiyo, kwa kuwa waliniona nikiandika. Akaubandika karibu na bwalo, mahali ambapo shule nzima ilipanga foleni ya uji.

Jambo nililolijua na ambalo sikulifikiria, na tofauti hiyo ndogo nimeishi nayo tangu siku ile, ni kwamba binti ya Oresta alikuwa akisoma kidato cha pili katika shule hiyo hiyo. Huyo ndiye Leonsia. Alikuwa mtoto mkimya mwenye sweta lililomzidi mikono. Siku ya kwanza wavulana wawili walimwuliza kwenye foleni kama mpunga umefika. Siku ya pili walikuwa darasa zima. Siku ya tatu mtu alimwekea debe tupu kwenye dawati. Siku ya nne hakuja, na mimi, ambaye siku ile nilikuwa nikipongezwa na wanafunzi wa mchepuo ambao hata haukuwa wangu bado, sikuona kwamba hakuja.

Oresta alikuja Jumatano mchana. Nilikuwa chumbani, nilimsikia kabla sijamwona, na kwa mara ya kwanza sikutaka kusikia. Hakupiga kelele. Alisimama uani kwenye jua lile la baridi lisilopasha, na Mama Piusi alikuwa akigeuza kimea kwenye mkeka.

"Wifi, karibu. Mbona hujapiga hodi?"

"Nipige hodi kwa mtu aliyeingia kwangu bila hodi?"

"Nimekukosea nini?"

"Mwanangu amerudi nyumbani na madaftari yake kichwani. Anasema shuleni mmeandika. Ukutani. Jina langu na lako. Kwamba wewe umesema."

"Nimesema wapi?"

"Uwanjani."

"Uwanjani nilisema, na wewe ukanijibu, tukapepeta. Yaliisha."

"Kwako yaliisha. Ukutani hayajaisha. Ukutani hakuna nilipojibu."

Nilisikia mkono wa Mama Piusi ukiacha kugeuza ulezi. Kisha aliita jina langu, si kwa ukali, kama mtu anayeita mtoto aje kuondoa chungu motoni, nikatoka, nikapiga magoti, nikasema shikamoo ambayo Oresta hakuiitikia. Alinitazama kwa muda, akamwambia wifi yake na si mimi: "Ndiye huyu? Nilidhani ni mkubwa." Akaondoka. Ziara yote haikuzidi muda wa kuchemsha chai.

Nilikwenda kuutoa ukutani jioni ile ile. Mwalimu Kalisto alikuwa ameshautoa. Alinirudishia kurasa zangu nne akasema, "Nilikuuliza kama wanajua. Nilipaswa kuuliza wanajua nini. Kosa hilo ni letu wawili, lakini aliyeacha shule si mimi wala wewe." Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufika mwisho wa mwezi. Fomu ilikuwa bado chini ya mto wangu bila jibu, na dole gumba nililolihitaji lilikuwa la mwanamke niliyemfanya aonekane, mbele ya mji, mtu wa kumwaga siri za ukoo wa mumewe.

Mama Piusi hakunifukuza. Ningepumua vizuri zaidi kama angenifukuza. Aliendelea kunipakulia, na chakula hakikupungua hata kijiko; aliacha kunitania tu. Siku ya tatu, akiosha vyungu, alinieleza bila kuinua kichwa, na maelezo yale ndiyo somo la kwanza la fasihi nililowahi kupata, nikilinganisha na yote niliyolipiwa baadaye. Alisema uwanjani mtu huimbwa lile linalomuuma, ili lisimuue akiwa peke yake. Lakini anayeimbwa ana haki ya kujibu kabla lundo halijapepetwa, na jibu lake lazima liitikiwe kwa sauti ile ile. Nyungo zikishainuliwa, maneno ya wote wawili yanaondoka na makapi, haramu kuyaokota. Asiyejibu, maneno aliyoimbwa hubaki uwanjani yakimngoja. "Wewe umechukua kejeli ukaacha jibu," alisema. "Umeniacha mimi mbaya, yeye umemwacha mnyonge. Wala hatuko hivyo. Ulipokuwa unakunywa togwa, aliniimba mimi mpaka nikashindwa kushika fimbo."

"Alisema nini, mama?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Bado unauliza?"

Lilikuwa limebaki lundo la pili, la Oresta mwenyewe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane tulirudi kule, na safari hii sikupewa ungo. Nilipewa fimbo, nikasimamishwa ana kwa ana na Oresta. Leonsia alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kibanda, mikono ndani ya sweta. Fimbo zilianza, na Oresta akaniimba. Maneno yake naweza kuyaandika kwa sababu yalikuwa yangu, na kwa sababu hadi juzi yalikuwa hayajapepetwa: kwamba msichana wa ziwani amebeba uwanja wetu kichwani akaupeleka mjini, ameuuza ukutani kwa watoto wa uji, mwulizeni huko njiani amedondosha nini, mwulizeni mdomo wake uko wapi, au aliuacha kwenye kata ya togwa?

Wanawake waliitikia. Nilijua kilichotakiwa. Niliitafuta sentensi moja, mstari mmoja, mzaha wowote. Nilikuwa na daftari zima la mizaha ya watu. Kifipa changu kilinikauka, na Kiswahili changu kikasimama nyuma yake kikisubiri ruhusa. Wimbo ulizunguka mara ya tano, mara ya sita. Fimbo yangu ilikosa zamu. Hatimaye Oresta akaacha kuimba, akainua ungo wake taratibu kuliko ilivyohitajika, ili nipate muda, na mimi sikuutumia. Wakapepeta. Hakuna aliyenicheka. Nilipogeuka niliona Leonsia amesimama kizingitini na anatabasamu, tabasamu dogo baya la mtu aliyemwona mwingine akipangwa kwenye foleni ileile. Jumatatu alirudi shuleni. Sijawahi kudai kwamba nilimrudisha. Nadhani alirudi kwa sababu sasa tulikuwa wawili.

Njiani kurudi mjini Mama Piusi alitembea mbele. Tulipofika aliingia chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda juu ya kimea chake, akaniambia nilete ile karatasi. Nilimwambia kwamba nimeghairi. Kwamba nitakuwa daktari, kwamba daktari hamdhuru mtu kwa kumsikiliza. Nilikuwa nimelisema hilo moyoni tangu uwanjani na nililiamini. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi.

"Daktari asiyejua kujibu si hatari, ataandika dawa na kazi imekwisha. Wewe umeshaanza kusema mambo ya watu, Fausta. Utayasema hata ukiwa na sindano mkononi. Afadhali ukafundishwe."

Akabonyeza dole gumba. Wino ulipitiliza mstari. Alilifuta kwa ukingo wa kitenge, kama siku ile ya kwanza, akasema nimwandikie baba barua mwenyewe, na niandike ukweli wote, nusu yake na nusu yake. Niliiandika mara nne. Baba hakujibu muhula ule wala uliofuata.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo sikusita. Nimesita katika kila chumba nilichofundishia. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi kuliko aliyoishi Mwalimu Kalisto, nimewafundisha vijana kuandika nani, wapi, saa ngapi, na katika kila kazi ya uwandani ninayoisahihisha naandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Jibu liko wapi?" Wanadhani ni swali la nadharia. Mwaka jana Mama Piusi alipolazwa, miguu imevimba na pumzi imekuwa kazi ya siku nzima, nilisafiri kwenda kumwona. Alinishika mkono akamwambia muuguzi: "Huyu angekuwa daktari wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwachia." Akacheka, muuguzi akacheka. Mimi nilisoma kila neno kwenye kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, majina ya dawa, vipimo, mwandiko, na sikuelewa lolote la kumsaidia. Usiku huo na mwingine mwingi uliofuata nimejiuliza kama nilichagua sawa. Sijapata jibu, na nimeanza kuamini kwamba swali hilo halitaniacha nikalipata.

Jumamosi ya matanga nilifika mapema. Ulezi unalimwa kidogo siku hizi, mahindi yamechukua uwanda, lakini uwanja wa kupuria ulikuwa palepale, umesiribwa upya. Oresta, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa amewekwa kwenye kiti kando, blanketi magotini. Nilipiga magoti mbele yake. Safari hii aliitikia shikamoo yangu, kisha akapapasa uso wangu akasema, "Kumbe umekuwa mkubwa." Leonsia, ambaye ana duka la mbegu na pembejeo pale Majengo na sauti ya kuongoza kwaya, alivua koti lake, akachukua fimbo, akasimama ana kwa ana nami. Katikati yetu lilikuwa lundo la mwisho la Mama Piusi.

Fimbo zilianza. Leonsia akauimba ule ule, wa mama yake, bila kubadili neno: msichana wa ziwani, uwanja kichwani, watoto wa uji, kata ya togwa. Wasichana wadogo waliuitikia bila kusita, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wameuimba kila mwaka, kwamba kwa miaka yote hiyo niliyokuwa nikisahihisha tanbihi nilikuwa nikiulizwa. Ulizunguka mara ya pili. Ya tatu. Mikono iliniuma. Mkoba wenye daftari nilikuwa nimeuacha kwenye gari, kwa makusudi, nikaufunga.

Nilijibu. Kwa Kifipa kibovu cha ziwani, mistari miwili, wa kwanza juu yangu na wa pili juu ya Leonsia, na ndani yake Mama Piusi akapita mara moja. Leonsia akainama akishika magoti kwa kicheko, wanawake wakaupokea wakauimba kwa nguvu mpaka vumbi likapanda, na nyuma yangu nikasikia kile kicheko kikavu, na Oresta akisema kwa sauti ya kutosha kusikika hata kaburini, "Wifi, amekupata!" Nyungo zikainuliwa.

Najua kuna mwanafunzi atakayeuliza nilisema nini, na ukurasa upi. Hayana ukurasa. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea bondeni, na yalikwenda huko na makapi.